Udongo Tuliopandisha

Kazeiri, Iya
28 Machi 1968

Mdogo wangu Tamotsu,

Pokea salamu za huku juu. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo siku hizi linataka kubembelezwa kabla ya kupanda ngazi. Theluji imeisha. Mbweha amemchukua kuku mmoja, yule mkorofi, kwa hiyo sikusikitika sana. Majirani zetu wa chini, Mzee Yaichi na mkewe Shige, wanakusalimu. Yaichi anasema ukija umletee samaki ambaye hajawahi kuingia kwenye kopo.

Tumeanza kupandisha udongo. Mwaka huu umeshuka mwingi, umejaa kwenye ukingo wa chini wa shamba kama mtu kaumwaga makusudi. Ninauvuta kwa jembe uma, hatua kwa hatua, mpaka juu kwenye kaburi la Mama, halafu naufunika kwa nyasi usitoroke tena. Unakumbuka ulivyokuwa ukilia kwa kazi hii. Ulimuuliza Baba kwa nini tusihamie mahali ambapo udongo unakaa ulipowekwa, ukazabwa kofi.

Mlango wa chumba chako umeanza kugoma, hausogei mpaka niuinue. Nitaupiga randa. Na chemchemi ilitoa maji meupe kwa siku kadhaa, ikapona yenyewe. Ni theluji tu inayeyuka.

Mikeka ya chumba chako nimeibadilisha, ni mipya yote. Umebakiza miaka miwili ustaafu, nami sitaki uje ukute nyumba ya baba yako inanuka panya. Wengine wanne wamehama kijijini tangu mwaka jana. Mimi nimewaambia siendi popote, namtunzia nyumba mwenyewe.

Ni mimi dada yako,
Kinue


Muroto
11 Mei 1968

Dada Kinue,

Barua yako nimeikuta ikinisubiri bandarini, tumetoka baharini jana. Natumaini goti limekubali kubembelezwa. Mimi sijambo. Nimenenepa kidogo, na sweta langu limefumwa upya viwiko, kwa hiyo usinitumie jingine.

Mwambie Mzee Yaichi samaki wake nimemwekea nadhiri.

Nikueleze kazi yetu ya sasa, maana ukiulizwa na watu useme vizuri. Tunateremsha bomba refu la chuma mpaka sakafu ya bahari, huko kwenye bonde kubwa la chini ya maji mbele ya kisiwa chetu. Mimi ndiye ninayeshika winchi. Bomba linajichoma kwenye matope, tunalivuta, na wasomi wanalipasua mezani kama mkate. Safari hii yalikuwa matope ya kijivu yaliyojaa vimeta. Nilivitambua kabla hawajasema. Ni vile vimeta vya mawe yetu, vinavyobaki kwenye visigino vyako ukitoka shambani. Daktari Mizuno, kijana wa chuo kikuu, akasema mito inaubeba mlima wa Iya mpaka pale. Nilimwambia dada yangu ataudhika sana akisikia, maana yeye ndiye anayeupandisha.

Kuna jambo jingine analosema, lakini wenzake wazee wanamcheka. Anasema sakafu ya bahari ni bamba moja kubwa la mwamba, na linatembea. Linakuja kwetu na kuzama chini yetu, na ndiyo maana milima yetu inapanda. Hapa Muroto wavuvi hawamcheki. Wao wameiona nchi yao ikiinuka katika tetemeko la mwaka arobaini na sita, bandari ikabidi ichimbwe upya.

Dada, ule mlango ni wa ukuta wa upande wa mlima au wa upande wa bonde? Na maji ya chemchemi yakishakuwa meupe, baadaye yalirudi kwa wingi uleule?

Na ule ufa wa Baba vipi?

Mdogo wako,
Tamotsu


Kazeiri
2 Juni 1968

Tamotsu,

Salamu. Chai ya kwanza tumeshavuna, nakutumia kifurushi kidogo. Shige anaumwa mgongo, Yaichi anapika, na majirani wote tumeomba apone haraka.

Mlango unafunguka vizuri sasa. Nimeupiga randa mara mbili.

Soba imeota. Viazi navyo vinaahidi. Nimesikia ulivyosema kuhusu bamba linalotembea, nikamsimulia Yaichi, akasema basi Daktari wako aje asukume na yeye, sisi tumechoka kusukuma peke yetu. Tukacheka sana. Mawe ya huku unayajua. Maji yanaingia katikati, baridi inayagandisha, jiwe linabanduka maganda, na baada ya miaka unaweza kulivunja kwa vidole ukapanda kiazi. Huo ndio udongo wetu. Mlima unaoza taratibu nasi tunaula. Siku zote imekuwa hivyo, na mababu hawakuwa na winchi.

Hebu niambie, ni nani huyo aliyekufumia viwiko? Wewe hata kifungo hujui kushona.

Mvua zimeanza mapema.

Kinue


Muroto
30 Juni 1968

Dada yangu,

Nimepokea chai. Asante, imeninyima usingizi kwa ubora wake, au labda ni mambo mengine.

Hukunijibu kuhusu ufa. Umenijibu kuhusu viazi.

Mimi nakumbuka alfajiri ile ya tetemeko vizuri kuliko ninavyotaka. Tulitoka nje na blanketi, ukiwa umembeba Mama mgongoni. Kulipopambazuka tukauona, nyuma ya kaburi la Babu, mstari mweusi unaokata shamba kutoka ukingo mpaka ukingo. Baba alilala kifudifudi akaingiza mkono mzima, hakugusa chini. Halafu akasema leteni udongo. Tukaujaza kwa vikapu, tukaufunika kwa nyasi, na kabla ya jioni lilikuwa shamba kama mashamba mengine. Akatuambia tusimwambie mtu, kwa sababu nani angemuoza binti kwenye nyumba yenye ufa. Mimi nikaenda zangu baharini mwaka uliofuata. Sijawahi kukwambia kwamba niliondoka kwa sababu niliogopa kulala mle ndani.

Nimemuuliza Daktari Mizuno, bila kutaja nyumbani. Nilimuuliza tu, mteremko mkali, mwamba uliooza, ufa juu, mlango unaokwama, maji yanayobadilika rangi, maana yake nini. Hakucheka. Aliuliza, «Kuna watu wanaoishi hapo?» Nikasema sijui. Akasema, «Basi waambie wasikae mpaka mvua za vimbunga.»

Alinieleza hivi. Bamba linasukuma, mlima unapanda. Kadiri unavyopanda ndivyo unavyosimama wima zaidi, na mvua inaula, na mto unaukata miguu. Halafu siku moja kipande kizima kinaachia, pamoja na miti yake na nyumba zake. Anasema huwa hakidondoki ghafla tu. Kwanza kinajinyoosha kwa miaka.

Nakuomba kitu kidogo. Chomeka vigingi viwili, kimoja upande wa juu wa ufa na kimoja chini, ufunge kamba katikati, iwe imelegea kidogo. Uniandikie inavyokuwa. Nijibu hilo tu, hata usiposalimu.

Tamotsu


Kazeiri
20 Agosti 1968

Tamotsu,

Nitasalimu, maana mimi nililelewa. Hatujambo. Shige ameweza kusimama. Obon, siku za wafu wetu, imepita. Niliwasha moto mlangoni kuwapokea Baba na Mama, nikaweka na kikombe chako ingawa wewe bado u hai. Ulisema utakuja. Yaichi alikaa na kichupa chake cha pombe akitazama njia mpaka giza likaingia, kisha akasema labda samaki wamemzuia.

Kaburi la Mama lilikuwa limeinama, uso ukitazama bonde. Nimelisimamisha. Nililisimamisha pia mwaka jana na mwaka juzi, na nilikuwa nikijiambia ni nguruwe pori.

Vigingi nilichomeka. Mwanzo kamba ililegea kama ulivyotaka. Baada ya mvua za Julai ikakaza mpaka inalia ukiigusa. Siku ya pili ya Obon niliikuta imekatika. Nikafunga nyingine. Nayo imekatika.

Haya, umefurahi? Ufa upo. Haukuwahi kuondoka. Kila masika naukuta umefunguka chini ya nyasi, na kila masika naujaza kwa udongo ninaopandisha, kama Baba alivyotufundisha, ili maji yasiingie. Miaka ishirini na ushee. Sasa nikikaa na kufikiri nashindwa kujua nimejaza kiasi gani humo ndani. Ungekuwa umeachwa wazi, mtu yeyote angeona umekuwa mpana wa kumeza ng'ombe. Lakini kila mwaka nimeufuta kwa mikono yangu, na kila mwaka nimeuona kama mpya.

Chemchemi imekauka. Katikati ya mvua, imekauka. Na mchana nikiwa natengeneza chai nasikia kitu chini ya sakafu. Tak. Halafu kimya. Halafu tak. Nadhani ni mizizi inakatika. Naogopa, Tamotsu. Nimekuwa mwanamke mzima wa miaka hamsini na minane anayekunywa chai akiwa amevaa viatu ndani ya nyumba.

Lakini nisikilize. Watu wa serikali wakijua watapiga mhuri kijiji kizima, watatupeleka kwenye vijumba vya bondeni, na paa la Baba litaoza. Wewe utarudi wapi? Nimekaa hapa muda wote huu ili ukute moto umewashwa. Yaichi asijue. Amezeeka, nyumba yake ni yote aliyonayo, nikimwambia nitamuua kwa hofu. Hebu tuvuke vimbunga vya mwaka huu, kisha uje tuamue wote wawili.

Kinue


Muroto
3 Septemba 1968

Dada,

Nimeandika barua hii mara nyingi, na kila mara naanza na hali ya hewa. Leo sitaanza nayo.

Sirudi Kazeiri. Si baada ya miaka miwili, si baada ya kumi. Sweta langu lilifumwa na Fusae, mjane mwenye mkahawa karibu na bandari. Tunaishi pamoja tangu mwaka juzi. Nilikuwa nikingoja siku nzuri ya kukwambia, na wewe ukawa unabadilisha mikeka, na kadiri ulivyobadilisha mikeka ndivyo nilivyozidi kushindwa. Obon hakuna kazi iliyonizuia. Nilifika mpaka Ikeda kwa treni, nikakaa stesheni, nikageuza.

Kwa hiyo hakuna unayemtunzia nyumba. Nikasirikie unavyotaka, lakini nikasirikie ukiwa chini bondeni.

Unasema Yaichi asijue. Dada, fikiria analala wapi. Ukuta wake wa nyuma ndio mwisho wa shamba letu. Kila ulichokijaza kwenye ule ufa kiko juu ya kichwa cha Shige. Kama huwezi kuondoka kwa ajili yako, nenda kawaambie wao. Usisubiri mvua.

Fusae anasema kuna chumba hapa. Anasema pia kwamba ana hofu na wewe kuliko bamba la bahari.

Tamotsu


Muroto
14 Septemba 1968

Dada Kinue,

Hujajibu. Najua barua zinachelewa, najua pia ukikasirika unanyamaza. Redio inasema kimbunga kinakuja upande wetu. Meli imefungwa bandarini, na mimi nipo nipo tu. Nimepiga simu kwenye duka la bondeni, laini imekufa.

Niandikie hata tusi moja.

Tamotsu


Shule ya bondeni, ng'ambo ya mto
23 Septemba 1968

Tamotsu,

Mimi ni mzima. Yaichi na Shige ni wazima. Nimeyaweka mbele kwa sababu najua umeruka mistari kuyatafuta. Sasa rudi usome polepole. Kwanza, u mpumbavu. Pili, mtu anayefika Ikeda na kugeuza ni mpumbavu mara mbili. Mengine nitamwambia Fusae, tutakuwa na mengi ya kuzungumza juu yako.

Barua yako ilifika pamoja na mvua. Niliisoma nimesimama. Nikaketi kwenye mikeka yako mipya nikalia mpaka nikachoka, halafu nikavaa koti la mvua nikateremka kwa Yaichi. Nilikuwa na hasira, na hasira inasaidia kwenye njia ya utelezi.

Nilimkuta anapanga kuni ukutani nyuma ya nyumba.

«Mzee Yaichi, nina jambo la kusema.»

«Kama ni viazi, hata mimi vimenishinda kula.»

«Shamba langu lina ufa. Tangu tetemeko. Tulificha.»

Akaacha kupanga. Hakunitazama. Shige alikuwa dirishani akasema, «Mume wangu, sasa mwambie na wewe.»

«Nimwambie nini?»

«Mwoneshe kuni.»

Akaanza kuzitoa kuni zile moja moja, kwa aibu, kama mtu anayevua nguo kwa daktari. Tamotsu, nyuma ya kuni ukuta wake wa mawe umefura, umetokeza kama tumbo la mjamzito. Akaniambia ameubomoa na kuujenga upya mara tatu tangu tetemeko, na kila mara anausogeza ndani kidogo, maana mlima haumrudishii nafasi. Jiko la Shige zamani lilitosha watu sita. Sasa wanapishana kwa ubavu.

«Nilidhani ni ukuta tu umechoka,» akasema.

«Mimi nilidhani ni ufa tu.»

Tukatazamana. Yeye anaishi kwenye miguu ya kitu, mimi naishi kichwani pake, na kila mmoja alikuwa anaficha upande wake. Hakuna aliyewahi kuweka mambo mawili pamoja. Mlima mzima kati ya nyumba zetu ulikuwa unashuka kama kipande kimoja, mimi nikiujaza juu, yeye akiuzuia chini.

«Mbona hukuniambia?» nikamuuliza.

«Ungejua ungehama. Halafu Tamotsu angerudi wapi? Marehemu baba yako aliniachia neno, nimtazamie nyumba mpaka mwanawe arudi.»

«Harudi. Ana mwanamke Muroto, mwenye mkahawa.»

Yaichi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakumbuka ni ukuta gani ameshika, akautoa mkono. Shige yeye hakucheka hata kidogo. Akauliza, «Sasa huku juu tunamngoja nani?»

Hapo ndipo hofu iliponiingia sawasawa, kwa mara ya kwanza. Si hofu ya kusikia tak chini ya sakafu. Nilikuwa nimesimama pale, nikatazama juu kwenye shamba nililolipandisha tangu nikiwa msichana, na nikaona liko juu ya vichwa vyetu watatu, na hakuna sababu hata moja iliyotuweka chini yake.

Tuliondoka saa ileile. Nilichukua kibao cha jina la Mama, mtungi wa miso ya mchuzi, na mbegu za soba. Yaichi alimbeba Shige mgongoni, nami nikamshika Yaichi mkanda kwa nyuma asiteleze. Njiani tuligonga kila mlango uliobaki, na nikasema neno moja mlango kwa mlango, ufa. Hakuna aliyebisha. Mama mmoja alikuwa ameshafunga vitu vyake tayari, akasema nyumba yake nayo ina mlango unaokwama.

Kimbunga kilipita usiku. Asubuhi mvua ikakatika, jua likatoka, tukaanza kuoneana aibu. Yaichi akasema labda arudi akalishe kuku. Nikamwambia anikanyage mimi kwanza. Ilikuwa karibu na mchana, tunakula wali barazani hapa shuleni, mtu akasema tazameni mianzi.

Mianzi ilikuwa inatembea. Imesimama wima, haijaanguka, inateremka pole pole kama watu wanaotoka kwenye ibada. Nyuma yake ukafuata mti wetu wa matunda ya kaki, na nyuma ya mti ikafuata nyumba yetu, paa likiwa zima. Mwanzo hakukuwa na sauti. Nakwambia hilo ndilo linalonirudia nikifumba macho, ule ukimya. Halafu sauti ikaja, na sitaki kuiandika. Nyumba ya Yaichi sikuiona tena. Shige aliziba macho ya mumewe kwa kiganja, naye akamwacha azibe.

Vumbi lilipotulia, kilichobaki juu ni mwamba mtupu, wa buluu, unang'aa kwa maji. Sijawahi kuuona. Nimeishi juu yake maisha yangu yote na sijawahi kuuona. Yaichi anasema utaanza kuoza mwaka huuhuu, na baada ya wajukuu kadhaa kuna mtu atapanda kiazi pale. Nilimwambia asinitazame mimi.

Paa letu lilikaa mtoni siku mbili likiwa limeegemea jiwe, kisha mto ukalichukua. Kaburi la Mama sijaliona. Naogopa kulala, naogopa mlango ukikwama hata kama ni mlango wa shule. Watu wa serikali wamekuja na wametupa mablanketi. Nitakuja Muroto mwezi ujao. Mwambie Fusae mimi nakula kidogo na nasema sana.

Wewe endelea na winchi yako. Wala usijilaumu kwamba hukurudi nyumbani. Nyumbani kumekufuata huko, kuko njiani. Ukipasua yale matope ukaona vimeta, uvue kofia, kuna Mama humo.

Dada yako,
Kinue